Presha ya jicho baada ya kutolewa mtoto wa jicho: uliza saa kabla ya kuuliza namba

Presha ya jicho ikisoma 34 jioni ya siku ileile ya upasuaji, hilo ni jambo moja. Ikisoma 34 wiki ya 4, ni jambo jingine kabisa, na dawa yake ni nyingine. Na ikisoma 34 huku chumba cha mbele cha jicho kimesinyaa, kuna hatari ya namna ya tatu, na kumtoa majimaji ya ndani ya jicho kama ulivyomtoa yule wa kwanza kunaweza kumzidishia balaa. Ndiyo maana sisi tunaowaona wagonjwa hawa kila siku huuliza kwanza amefanyiwa lini, kisha ndipo tuulize presha ngapi.

Tuweke sawa jambo moja mapema, maana linachanganya wengi: presha ya jicho siyo presha ya damu. Mtu anaweza kuwa na presha ya damu iliyotulia kabisa na jicho likawa limejaa hadi linauma. Presha ya jicho ni msukumo wa majimaji yaliyo ndani ya jicho, hupimwa kwa milimita za zebaki, na kiwango cha kawaida ni 10 hadi 21. Majimaji hayo hutengenezwa nyuma ya irisi, ile sehemu yenye rangi, kiasi cha mikrolita 2 hadi 3 kila dakika. Hupita katikati ya mboni, huingia chumba cha mbele, kisha hutoka kupitia chujio jembamba lililo kwenye pembe, pale irisi inapokutana na konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Chumba chote cha mbele hubeba robo ya mililita tu. Kwa kipimo hicho utaona kwa nini kitu kidogo kikiziba chujio, presha hupanda ndani ya saa chache, haingoji kesho.

Kinachoziba siku ya kwanza, mara nyingi, ni jeli ya upasuaji. Daktari huijaza jichoni ili konea isiguswe na vyombo na kifuko cha lenzi kibaki wazi wakati lenzi bandia inaingizwa. Bila jeli, upasuaji wenyewe ungekuwa wa hatari. Lakini kazi ikiisha lazima ivutwe itoke. Jeli nzito zinazoshikana hutoka kwa mkupuo, ila zikibaki hupandisha presha sana. Jeli nyepesi zinazotandaa hukinga konea vizuri, lakini huganda kwenye kona na huchukua muda kuzifyonza. Mahali zinaposahaulika zaidi ni nyuma ya lenzi bandia, ndani ya kifuko. Daktari makini huinamisha lenzi kidogo na kuingiza ncha ya kifyonzi nyuma yake, au huibonyeza lenzi kwa kuigusagusa mpaka jeli ichomoze. Dakika moja iliyotumika hapo humwepusha mgonjwa na usiku mbaya.

Jeli iliyobaki huelekea kwenye chujio na kukaa. Presha huanza kupanda, na kilele chake mara nyingi ni kati ya muda wa saa 4 na saa 8 baada ya upasuaji. Kufikia saa 24 nyingi huwa zimeshuka zenyewe. Tazama maana yake: mgonjwa aliyefanyiwa asubuhi akaruhusiwa mchana, kilele chake kitamkuta nyumbani jioni au usiku. Akirudi kesho yake asubuhi kupimwa, namba inaweza kuwa nzuri kabisa na faili likaandikwa kuwa mambo yako sawa, kumbe usiku ilifika 45. Kwa mwenye neva nzima ya jicho, pengine hakuna kilichopotea. Kwa mwenye glakoma ya muda mrefu, ugonjwa unaoila neva ya jicho, ambaye neva yake imebaki kipande kidogo, saa chache za namna hiyo zinaweza kuondoa uoni wa katikati aliokuwa ameubakiza.

Kwa hiyo wasimamizi wa wodi wanapaswa kujua mapema nani asiruhusiwe kuondoka bila kupimwa tena jioni. Wa kwanza ni mwenye glakoma, hasa anayetumia dawa zaidi ya moja. Kisha yule mwenye unga mweupe kwenye ukingo wa mboni na juu ya lenzi, kwa kuwa chujio lake tayari limejaa takataka. Waongeze wasioona mbali bila miwani ya namba kubwa, waliowahi kuumizwa jicho kwa kipigo, na yeyote ambaye upasuaji wake ulikuwa mgumu: kifuko kilichanika, ute wa nyuma ulitoka, damu ilimwagika, au vipande vya lenzi vilibaki.

Tofauti ya maumivu ni ya kujifunza kwa makini, kwa mgonjwa na kwa anayemuuguza. Jicho lililofanyiwa upasuaji hukwaruza. Mgonjwa atasema anahisi mchanga, machozi yanatoka, mwanga unamsumbua, na paracetamol inatosha. Hayo ni ya kidonda. Maumivu ya presha hukaa ndani, hupanda kwenye nyusi na paji la uso upande uleule, na paracetamol haifui dafu. Uoni uliokuwa umeanza kufunguka unarudi ukungu, kwa sababu konea imeanza kunywa maji, na taa huonekana zimezungukwa na duara za rangi. Kisha huja kichefuchefu na kutapika. Hapa ndipo watu hupotea njia: mgonjwa anayetapika usiku hupelekwa kutibiwa tumbo, na hakuna anayefungua kikinga jicho kuangalia. Mgonjwa aliyetoka upasuaji wa macho akitapika, jicho lipimwe kwanza, tumbo litasubiri.

Nini hufanyika akifika? Chini ya 30, neva ikiwa nzima na jicho halina maumivu, mara nyingi inatosha tone la dawa na kupima tena. Ikiwa kati ya 30 na 40, huongezwa vidonge. Asetazolamidi miligramu 500, yaani vidonge viwili vya 250, hupunguza utengenezaji wa majimaji, na huanza kuonekana ndani ya saa moja au mbili. Timololi ya asilimia 0.5 huwekwa tone moja, na brimonidini au dozolamidi huweza kuungana nayo. Kabla ya kumpa chochote kati ya hivyo kuna maswali ambayo hayaruki mtu. Ana pumu, au mapigo ya moyo ya polepole? Timololi isimguse, kwani tone la jicho huingia kwenye damu na limewahi kubana vifua vya watu. Ana selimundu, ugonjwa wa figo, au mzio wa dawa za salfa? Asetazolamidi ifikiriwe mara mbili, mara nyingi iachwe. Mwambie pia kwamba vidole vitamchonyota, atakojoa mara kwa mara na soda itakuwa na ladha ya ajabu mdomoni, vinginevyo ataacha dawa akidhani imemdhuru.

Ikivuka 40, au maumivu ni makali, au mwenye jicho ana glakoma, kuna njia ya haraka kuliko dawa zote: kufungua kidogo tundu dogo la pembeni lililotobolewa wakati wa upasuaji. Hufanyika mgonjwa akiwa ameketi kwenye darubini ya macho. Jicho huwekwa ganzi ya matone, husafishwa kwa iodini ya povidoni ya asilimia 5 na kuachwa dakika kadhaa, kisha kope hushikwa na kishikio. Kwa ncha ya sindano nyembamba ambayo haijawahi kutumika, au chombo butu kilichotakaswa, ukingo wa nyuma wa tundu hubonyezwa taratibu. Tone la majimaji, mara nyingine uzi wa jeli, huchomoza na kutiririka. Konea iliyokuwa na ukungu huanza kung'aa mbele ya macho yako, na mgonjwa huvuta pumzi kwa nafuu kabla hujamaliza. Chumba kisiachwe kiporomoke. Kinatosha kidogo kidogo. Baadaye huwekwa tone la dawa ya kuua vijidudu.

Kosa linalofanywa hapa ni kudhani kazi imekwisha. Jeli bado imo kwenye chujio. Presha iliyoshuka hadi 10 ndani ya dakika inaweza kuwa imerudi 30 na kitu baada ya saa moja au mbili. Kwa hiyo vidonge na matone hutolewa wakati uleule wa kufungua, na kipimo hurudiwa baada ya saa moja kabla hujamwambia mtu aende nyumbani. Manitoli ya asilimia 20 kwa mshipa, gramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito ndani ya nusu saa hadi saa moja, tunaiweka kwa ajili ya waliogoma kushuka, na si kwa mwenye moyo dhaifu au figo mbovu. Kwa jeli ya kawaida ni nadra kufika huko.

Kipimo chenyewe nacho huweza kudanganya. Konea iliyovimba ni laini, kwa hiyo kifaa cha Goldmann, kinachobonyeza konea na kuibapaza, kinaweza kusoma chini ya ukweli. Unaona 28 kwenye jicho lenye ukungu, mgonjwa anatapika. Usifarijike na 28. Rangi ya floresini inayowekwa jichoni kwa kipimo hicho ikiwa nyingi kupita kiasi, nusu duara mbili unazozilinganisha kwenye kifaa huwa nene na namba hupanda. Ikiwa kidogo, hushuka. Mgonjwa akibana pumzi, akikaza kope, au kola ikimkaba shingo, huongeza milimita kadhaa bila ugonjwa wowote. Na mpimaji anayeshika kope kwa kidole na kukandamiza jicho lenyewe badala ya mfupa wa nyusi hujipimia nguvu ya kidole chake. Kifaa kidogo cha mkononi kinachogusa konea na kurudi, kisichohitaji ganzi, kinafaa sana jioni ya upasuaji kwa sababu hakisukumi kidonda. Anayebonyeza jicho kwa vidole juu ya kope lililofungwa "kuangalia kama ni gumu" siku ya upasuaji anaweza kufungua kidonda. Tabia hiyo iachwe.

Kidonda kinatukumbusha upande wa pili. Si kila mabadiliko ni ya kupanda. Asubuhi ya siku ya kwanza ukipata presha ya 4 au 5, shuku kwamba kidonda kinavuja. Upasuaji wa mashine hutumia mkato wa milimita 2 hadi 3, ule wa mkono bila mashine milimita 6 hadi 7, na yote miwili hutegemewa kujifunga yenyewe bila nyuzi. Mara nyingi hujifunga. Ikishindikana, mgonjwa husema jicho lina maji, hadhani ni tatizo, anaona ni machozi. Hupakwa floresini nzito juu ya kidonda na kuangaliwa kwa mwanga wa buluu: kama kuna mvujo, utaona mkondo mweusi ulio angavu pembeni ukikata rangi ile na kuteremka. Hiki ndicho kipimo cha Seidel. Mvujo mdogo na chumba kikiwa bado kina kina, hutibiwa kwa lenzi ya kufunika jicho au bandeji, na kuangaliwa kesho. Chumba kikisinyaa, au irisi ikiwa imenaswa kwenye kidonda, anarudi chumba cha upasuaji kushonwa kwa uzi wa nailoni wa 10-0. Hofu yetu kuu kwenye presha ndogo ni njia iliyoachwa wazi kwa vijidudu. Kuna pia presha ndogo isiyo na mvujo, mara nyingine kwa kuvimba ndani kunakopunguza utengenezaji wa majimaji, mara nyingine kwa retina kuachia. Ndiyo maana mboni hupanuliwa na nyuma ya jicho hutazamwa hata kama kidonda ni kizima.

Sasa ile hatari ya tatu. Presha ya juu na chumba cha mbele kisicho na kina ni mchanganyiko wa kuogopa. Kwa kawaida presha ya jeli huacha chumba kirefu. Chumba kikiwa kifupi, ama mboni imeziba na maji hayawezi kupita mbele, ama yamepoteza njia na kujikusanya nyuma kwenye ute, yakisukuma kila kitu mbele. Hali hiyo ya pili huwapata zaidi wenye macho mafupi na pembe nyembamba, inaweza kuja siku chache au wiki baadaye, na dalili yake ya ajabu ni kwamba mgonjwa ghafla huona vizuri karibu kuliko mbali, kwa kuwa lenzi bandia imesogea mbele. Ukimtoa maji kwenye tundu la pembeni chumba kinazidi kusinyaa. Pilokapini, dawa ya kubana mboni, huizidisha. Atropini ya asilimia 1, dawa ya kupanua mboni, huisaidia kwa kuvuta lenzi nyuma, pamoja na dawa za kupunguza majimaji, na mara nyingi leza au upasuaji hufuata. Huyu apelekwe kwa bingwa siku hiyohiyo.

Siku ya 2 hadi ya 7, tunaogopa zaidi uvimbe na usaha kuliko presha. Jicho jekundu lenye uoni unaoshuka na maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua halingoji tarehe ya kliniki, presha iwe ngapi. Vipande vya lenzi vilivyobaki navyo ni chanzo: huvimbisha jicho na kuziba chujio, na matone peke yake hayatamaliza kitu ambacho kipo pale kimwili.

Tukifika wiki ya 2 na kuendelea, mwenye lawama hubadilika. Sasa ni dawa yenyewe. Karibu kila anayetolewa mtoto wa jicho hupewa matone ya steroidi, prednisoloni ya asilimia 1 au deksamethasoni ya asilimia 0.1, ili kutuliza uvimbe. Kwa takriban mtu 1 kati ya 3, steroidi ya matone ikitumika kwa wiki kadhaa hupandisha presha kiasi. Kwa wachache, karibu 5 kati ya 100, hupanda kwa milimita 15 au zaidi. Wenye glakoma, ndugu wa damu wa wenye glakoma, wasioona mbali bila miwani ya namba kubwa, wenye kisukari na watoto ndio huitikia zaidi. Chujio hujenga vitu ndani yake na kukaza, na hilo huchukua muda: kwa kawaida wiki 2 hadi 6.

Ubaya wa presha hii ni ukimya wake. Hakuna kutapika, hakuna ukungu. Jicho ni jeupe, linaona vizuri, mgonjwa anamshukuru daktari. Anakosa kurudi wiki ya 4 kwa sababu haoni sababu. Chupa ikiisha ananunua nyingine, kwa kuwa dawa ile "inapoza". Zipo chupa zenye mchanganyiko wa dawa ya vijidudu na deksamethasoni ambazo wengi huziona ni dawa ya kusafisha macho tu. Tumeona watu waliotumia miezi na miezi, wakaja wakiwa wamepoteza uoni wa pembeni, kwa jicho ambalo upasuaji wake ulifanikiwa kabisa. Hili hutuuma kuliko ajali ya chumba cha upasuaji, kwa sababu lilihitaji tu mtu wa kuandika tarehe ya mwisho kwenye chupa.

Basi iandike. Kwa mwendo wa kawaida, mara 4 kwa siku wiki ya kwanza, kisha 3, kisha 2, kisha 1, halafu basi. Daktari anaweza kurefusha au kufupisha, lakini siku ya kuacha ijulikane tangu siku ya kuanza. Presha ikipanda wakati uvimbe umetulia, steroidi huachishwa au hubadilishwa kwa nyepesi kama florometholoni, au kwa matone ya kutuliza uvimbe yasiyo na steroidi. Presha kwa wengi hurudi ndani ya wiki 1 hadi 4. Lakini usiikate ghafla siku ya 5 kwa hofu ya namba, maana uvimbe ulioachwa nao hupandisha presha, tena pamoja na maji kwenye retina.

Kiasi kinachoingia nacho kina neno. Tone moja ni mikrolita 30 hadi 50, na mfuko wa kope hauwezi kushika zote; la pili linamwagikia shavuni tu. Tikisa chupa ya prednisoloni vizuri kabla ya kuweka, kwa sababu dawa hukaa chini, na asiyetikisa huweka maji mwanzoni na dawa kali mwishoni mwa chupa. Vuta kope la chini, weka tone bila ncha kugusa kope wala jicho, funga jicho polepole bila kulikaza, na bonyeza kona ya ndani karibu na pua kwa dakika 1 hadi 2. Kwa anayetumia timololi, kubonyeza huko hupunguza kiasi kinachofika kwenye mapafu na moyo. Kati ya dawa na dawa acha dakika 5, na mafuta ya jicho yawe ya mwisho.

Baada ya miezi, hadithi inageuka kuwa njema. Lenzi ya asili huendelea kunenepa maisha yote, na ikifika uzeeni hujaza nafasi na kuibana pembe. Ikitolewa na kuwekwa bandia iliyo nyembamba sana, pembe hufunguka na presha ya kudumu hushuka, kwa wastani milimita 2 hadi 4 kwa macho yenye pembe wazi, na zaidi kwa waliokuwa na presha kubwa au pembe nyembamba. Utafiti wa EAGLE uliochapishwa mwaka 2016 uliwatoa lenzi watu wenye pembe zilizofunga na presha ya juu hata kabla ya lenzi kuwa na ukungu, na matokeo yao yalikuwa bora kuliko ya waliotobolewa irisi kwa leza. Kwa jicho lenye 14, usitarajie mengi. Huenda lisishuke hata kidogo.

Habari hiyo njema ndiyo huwafanya wengine waache dawa za glakoma. Mtu anaambiwa presha yake sasa ni 15, anaona upasuaji umemponya. Pengine ni 15 kwa sababu bado anatumia matone, na jicho bado linatulia. Sisi huwataka waendelee na dawa zilezile, isipokuwa daktari amesimamisha moja kwa sababu ya uvimbe, mpaka steroidi ziishe na vipimo viwili au vitatu vifanyike kwa nyakati tofauti za siku. Presha hubadilika milimita 2 hadi 6 kati ya asubuhi na jioni hata kwa mtu mzima wa afya, kwa hiyo kipimo kimoja cha mchana hakitoshi kumwondolea mtu dawa.

Na miezi au miaka baadaye, kifuko kinachoshika lenzi bandia kikipata ukungu, hutobolewa kwa leza ya YAG. Ni kazi ya dakika chache na haina mkato, ndiyo maana huchukuliwa kirahisi, lakini vumbi linalotoka hupanda hadi kwenye chujio na presha inaweza kuruka ndani ya saa 1 hadi 4. Tone la brimonidini kabla na lingine baada ya leza huzuia sehemu kubwa ya hilo. Mwenye glakoma apimwe tena saa moja hadi mbili baadaye, na kwenye faili pembeni ya namba iandikwe saa aliyopigwa leza na saa aliyopimwa.